Ukurasa wa Kanda ya Nne

Kufikia saa nne asubuhi Pua alikuwa ameshaonja na kutema sampuli sita, na hakuna hata moja iliyomkera. Ya saba ndiyo iliyompandisha mori.

Jina la Pua alipewa hapo hapo kazini, mwaka wake wa kwanza, siku aliposimama mlangoni akasema kuna mtu amekula chungwa chumba cha tatu. Watu walicheka mpaka karani alipofungua droo yake kwa aibu na maganda yakaonekana. Tangu siku hiyo hata memo za ofisi zilimwita Pua. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, watoto wamekwisha kwenda zao, na chumba cha kuonjea kahawa ndicho mahali alipokaa zaidi kuliko nyumbani kwake.

Kilikuwa chumba cheupe chenye dirisha moja kubwa na meza ya duara inayozungushwa kwa mkono. Kila sampuli iliwekwa katika vikombe vitano vinavyofanana. Mkaangaji, mwanamume mrefu aliyeitwa Moshi, alikaanga buni kidogo kidogo katika kikaangio cha ukubwa wa sufuria ya maziwa, akasaga, akapima, akamimina maji ya moto. Baada ya dakika nne Pua aliinama akapasua utando wa juu kwa mgongo wa kijiko, huku pua ikiwa karibu kuungua. Kisha alivuta kahawa kwa kelele, fyuuu, ikatapakaa mdomo mzima, akatema ndani ya kopo. Kelele ile nyumbani kwao ingekupatia kofi la mama. Hapa alilipwa mshahara kwa ajili yake.

Sampuli zilikuja kwa namba tu. Kanda ya kila namba ilikuwa ndani ya bahasha yake yenye lakiri, na karani hakuifungua mpaka sampuli hiyo imeshaandikwa. Pua na Moshi walikuwa na mchezo wao: kabla ya bahasha kufunguliwa, kila mmoja aliandika kanda anayoidhania, na aliyekosa alinunua soda. Kwa miaka yote hiyo Moshi alikuwa amenunua soda za kujaza kisima.

Namba saba Pua aliandika bila kufikiri: Kanda ya Pili, bondeni. Moshi naye aliandika bondeni. Karani akafungua bahasha.

"Namba saba, Kanda ya Nne," alisoma.

Moshi alipiga makofi. "Tumekosa wote, dada! Leo na wewe unanunua soda!"

Pua hakucheka. Kanda ya Nne ni kwao. Ni ule mgongo wa mlima alikozaliwa, ambako baba yake alipanda mibuni mia mbili na kumpeleka shule kwa mibuni hiyo. Alirudia vikombe vyote vitano, kimoja kimoja.

"Kaanga tena," alimwambia Moshi.

"Dada, tuna sampuli kumi na nne bado."

"Nimesema kaanga tena."

Ilikaangwa mara ya pili, na baada ya chakula cha mchana ikakaangwa mara ya tatu. Kahawa yenyewe haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi kupita kiasi. Ingekuwa imeoza au imepigwa na mvua, angesema ni bahati mbaya. Lakini ilikuwa kahawa safi kabisa ya bondeni: nzito mdomoni, tamu, yenye harufu ya karanga za kukaanga, na ndani yake kama uzi mwembamba wa kitu kingine ambacho hakukishika vizuri. Kahawa ya mlimani kwao haikuwa hivyo. Ile ilikuwa kali kama ganda la limau lililopasuliwa kwa kucha, inakukamata pembeni mwa ulimi na kukuachia utamu wa sukari guru. Angeitambua hata akiamshwa usingizini na homa juu.

"Kuna mtu anaiba jina letu," alisema.

Lililofanya jambo hili liwe kubwa ni Kitabu cha Kanda. Kila msimu maabara ilitoa kitabu chenye ukurasa mmoja kwa kila kanda, kikieleza kahawa ya pale peke yake, isiyochanganywa na ya mahali pengine, ikoje mwaka huo. Wanunuzi wa mbali waliotaka kahawa ya namna hiyo walinunua kwa kukisoma. Kwa misimu kumi na moja kurasa zote aliziandika Pua, na chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Meneja.

"Namba saba si ya Kanda ya Nne," alisema kabla hajakaa.

Meneja alikuwa kijana kwake kwa miaka kumi na mitano, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vile vile. "Mama, gunia linasema Kanda ya Nne."

"Gunia halina ulimi."

"Nina barua ya chama cha wakulima, nina muhuri wao, nina sahihi ya katibu wao. Wewe una nini?"

"Nina mdomo."

Meneja alitabasamu. "Haya, mama. Andika ulichokiona, nitakiangalia."

Aliandika. Jioni hiyo, kabla ya kutoka ofisini, alimpigia simu katibu wa chama, ambaye alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja. Huyu alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na ukoo mzima ulimwita Kitinda hata baada ya kuota mvi.

"Kitinda, mnaibiwa huko! Kuna mtu anatia kahawa ya bondeni kwenye magunia yenu."

Upande wa pili Pua alisikia mlango ukifungwa.

"Nani kakwambia?" Kitinda aliuliza.

"Ulimi wangu umeniambia. Nataka nije niwakamate mwenyewe."

"Dada, acha. Barabara mbaya, mama ana mafua. Usije sasa hivi. Nitalishughulikia."

Pua alikata simu akiwaza kwamba mdogo wake amechoka. Uchovu alioujua yeye ulikuwa wa kusimama. Wa mlimani alikuwa ameshausahau. Hakuwa amefika kwao tangu mazishi ya baba, miaka minne iliyopita. Mama ndiye aliyekuja mjini, mara mbili, kutibiwa macho.

Kesho yake asubuhi alikuta kurasa za kitabu zimechapwa na kuwekwa mezani kwake ili ahakiki. Alifungua ya Kanda ya Nne. *Ganda la limau, sukari guru, ua la mbuni asubuhi.* Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya msimu uliopita, yamenakiliwa herufi kwa herufi na kuvikwa kahawa isiyokuwa yake. Chini palikuwa na jina lake, likisubiri sahihi.

Watu wa ofisi ile walisimulia siku hiyo kwa muda mrefu. Pua alitembea ukumbi mzima na ile karatasi mkononi, akausukuma mlango wa Meneja bila kubisha, na kumpa vidonge vyake huku milango yote ikiwa wazi. Alimwambia kwamba yeye si mpiga muhuri. Alimwambia kwamba maneno yale ameyatafuta kwa ulimi wake, moja baada ya jingine, kwa misimu kumi na moja, na anayeyachukua bila kuonja ni mwizi, sawasawa na anayechukua viatu vya watu nje ya mlango. Karani alisema baadaye kwamba hata mashine ya kusagia ilinyamaza, ingawa ukweli ni kwamba Moshi aliizima ili asikie vizuri.

Meneja alingoja mpaka Pua akavuta pumzi. "Ijumaa kitabu kinakwenda kiwandani kupigwa chapa. Niletee kitu cha kushikika kabla ya hapo, nitabadilisha. Mdomo wako siwezi kuupeleka kwa bodi."

"Gari la sampuli linakwenda lini mlimani?"

"Kesho. Jumatano."

"Basi mimi nimo."

Moshi aliendesha. Njia nzima Pua alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mwizi, atakayekuwa dereva wa lori, au mtu wa kinu cha kukobolea kahawa, au tajiri fulani wa bondeni. Alimpangia kila mmoja hotuba yake. Kilima kilipoanza kupanda, Moshi alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Dada, kahawa ziko wapi?"

"Juu zaidi."

Walipanda tena. Palikuwa na matuta ya vitunguu, palikuwa na miti ya nguzo iliyonyooka, palikuwa na vipande vitupu vyenye visiki.

"Dada, hapa juu zaidi imebaki mbingu tu," Moshi alisema.

Pua alikuwa bado anamtukana mtu wa kinu kichwani.

Ghala la chama lilikuwa na mlango wa bati na kufuli mbili. Kitinda alikuwa amesimama mbele yake na shada la funguo kiunoni, kama mtu aliyekuwa akiwangojea. Alimkumbatia dada yake kwa haraka. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani.

"Shikamoo dada. Ungekula kwanza."

"Marahaba. Fungua."

Ndani magunia yalipangwa mpaka karibu na paa. Pua alitia mkono katika gunia la kwanza, akazisugua punje viganjani, akapuliza maganda, akanusa. Bondeni. La pili, bondeni. Kwenye la tatu aliona kitu kingine. Gunia lilikuwa limegeuzwa ndani nje, na ukiangalia kwa makini katikati ya nyuzi ungeona herufi za wino kinyumenyume: Kanda ya Pili.

"Ona! Ona hii!" alipiga kelele. "Si nilisema? Nani kaleta hizi? Ni dereva? Ni wale wa kinu? Nitajie jina lake, Kitinda, leo leo tumpeleke panapohusika!"

"Mimi," Kitinda alisema.

"Wewe nini?"

"Nimezileta mimi. Nilizifuata bondeni mwenyewe, nikageuza magunia mwenyewe, usiku na mchana, kwa hii mikono unayoiona."

Moshi, aliyekuwa mlangoni, alikumbuka ghafla kwamba tairi za gari zinahitaji kuangaliwa.

Pua alimtazama mdogo wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumfundisha kuhesabu kwa punje za kahawa, na maneno yote aliyowapangia wezi wengine yalimjia mdomoni kwa wakati mmoja yakakwama. "Jina la baba," ndiyo yaliyotoka. "Umelichukua jina la baba ukalivisha takataka."

"Takataka? Kahawa ya bondeni ni takataka leo? Wewe mwenyewe umeisifu kitabuni!"

"Kwa jina lake! Nimeisifu kwa jina lake!"

"Twende," Kitinda alisema, na tayari alikuwa anatoka. "Unataka kujua habari za baba? Twende nikuonyeshe."

Walipanda kijia cha nyuma ya ghala, mmoja mbele, mmoja nyuma. Pua alikijua kijia kile kwa miguu. Pale kinapokunja ndipo mibuni ya baba inapoanza, safu kumi, kila safu mibuni ishirini. Alikunja. Mbele yake palikuwa na vitunguu mpaka ukingoni. Katikati ya vitunguu mama yao alikuwa ameinama, kanga imefungwa kifuani, anang'oa magugu.

Mama alinyanyuka polepole. Alimtazama binti yake mkubwa, kisha mdogo, akaelewa.

"Mibuni iko wapi?" Pua aliuliza.

"Imekatwa," mama alisema. "Kutu ya majani. Imetuingilia msimu wa kwanza baada ya baba yako. Majani yakawa kama yamemwagiwa manjano, yakaanguka. Tukapulizia dawa, yakaota, yakaanguka tena. Mwaka jana tukakata."

"Ulikuja mjini mara mbili, mama! Umelala kitandani kwangu!"

"Nilikuja kutibiwa macho."

"Na mdomo je?"

"Usinipandishie sauti," mama alisema. "Hili ni shamba langu. Huko kwenye ofisi yako ndiko wanakokuogopa."

Pua alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga vitunguu. Lakini Kitinda alikuwa hajamaliza. Sasa ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

"Unauliza kwa nini hukuambiwa," alisema. "Ngoja nikuambie nani aliyejua. Kitabu chenu kinakuja kwa chama kila mwaka, nami ndiye ninayekisoma. Nakijua kwa kichwa. Msimu wa kwanza wa kutu uliandika, 'uchachu umepungua kidogo.' Wa pili ukaandika, 'kikombe kimekuwa chepesi kidogo.' Msimu uliopita, 'bado kizuri, ingawa kimechoka kidogo.' Kidogo, kidogo, kidogo! Huo mwaka wa kuchoka kidogo ndio mimi na mama tulishika mapanga. Mia mbili, dada. Tulikata siku tisa. Mama hakula. Ulimi wako ulijua kabla ya bwana shamba hajajua! Ulijua kuna kitu kinatuua huku. Ulipiga simu? Hata mara moja, ukauliza, jamani, mna nini?"

"Nilidhani ni mvua," Pua alisema.

"Ulidhani ni mvua."

"Ungeniambia wewe! Una simu!"

"Nikuambie nini? Kila ukipiga ni kahawa yetu hivi, kahawa yetu vile, wageni wameisifu. Mama akasema, mwache na furaha yake."

Walikuwa wanapiga kelele sasa, wote wawili, wamesimama kwenye matuta na viatu vya Pua vya ofisini vimezama udongoni. Mama aliwatazama kama anavyotazama mvua ya mawe, akiwaza vitunguu.

Hasira ya Pua ilikuwa imepigwa pembeni, lakini haikufa. Ilitafuta mahali pengine pa kusimama, ikapapata.

"Waliobaki na mibuni ni wangapi?"

Kitinda alitazama chini. "Kumi na tisa."

"Wamechuma msimu huu?"

"Wamechuma. Magunia kumi na moja."

"Yako wapi?"

Kitinda aligeuza uso kuelekea ghalani, na hapo Pua akaujua ule uzi mwembamba aliokuwa ameuhisi ndani ya namba saba. "Umeyachanganya," alisema. "Watu kumi na tisa wameng'ang'ania, wamepulizia dawa mpaka vifua vinawauma, wamechuma punje moja moja, na wewe umeichukua kahawa yao ukaizamisha."

"Kanuni yenu inasema magunia hamsini!" Kitinda alifoka. "Chini ya hamsini kanda inatolewa kitabuni na kahawa inatupwa kwenye mchanganyiko. Kumi na moja yangekwenda kwenye mchanganyiko vile vile! Na ukurasa ukishafutwa, nani ataurudisha? Wewe? Nilitaka ukurasa ubaki mpaka miche mipya ikue. Misimu mitatu tu. Baada ya hapo ningeacha."

"Na hao kumi na tisa uliwauliza?"

"Wangekataa."

"Basi!"

"Basi nini? Wewe uliyekuwa unatuonja kwa kijiko na kututema, unanifundisha mimi?"

Mama alisema, "Inatosha." Alisema taratibu, na wote wawili wakanyamaza kama walivyonyamaza wakiwa na miaka saba na kumi na saba.

Ilibainika kwamba si yote yaliyokuwa yamechanganywa. Magunia manne yalikuwa bado ghalani, nyuma ya mizani, yamefungwa kwa kamba tofauti. Pua alichukua sampuli, akaifunga, akaiandika. Kitinda alishika taa ya simu bila kuombwa, maana kona ile ilikuwa na giza. Hawakutazamana.

"Kwenye fomu yenu kuna mstari wa chanzo cha kasoro," Kitinda alisema.

"Upo."

"Utaniandika?"

Pua alikuwa anakaza fundo. Alilikaza kuliko lilivyohitaji. "Nitakuandika," alisema.

"Haya. Nenda salama," Kitinda alisema, akafunga kufuli zote mbili akaenda zake bila kungoja gari liondoke.

Alhamisi asubuhi Moshi alikaanga zile za magunia manne kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Pua alipasua utando wa kwanza. Limau lilitoka, jembamba, kama mtu anayeita kutoka chumba cha mbali. Alivuta, akaishikilia mdomoni. Ilikuwa kahawa ya mgonjwa. Haikuwa na uzito, utamu ulikuja ukaondoka mapema, lakini ule ukali wa pembeni ya ulimi ulikuwepo, haukukosea njia. Alisahau kutema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumeza kazini.

"Unalia, dada?" Moshi aliuliza.

"Nimekasirika. Nipe kalamu."

Aliandika ukurasa ule mara moja bila kufuta neno. Aliandika kwamba kahawa ya Kanda ya Nne msimu huo ni magunia manne, kikombe chembamba, ganda la limau, utamu mfupi, na kwamba mibuni ina ugonjwa. Aliandika kwamba namba saba si ya kanda hiyo. Kwenye mstari wa chanzo cha kasoro aliandika: *Katibu wa chama, amechanganya. Mwonjaji, ameona kahawa ikidhoofika misimu mitatu na hakuuliza sababu. Meneja, amenakili maneno ya mwaka jana.* Mstari ulikuwa mfupi, maneno yakapanda ukingoni mwa karatasi. Kisha alimwita Moshi na karani, wakaonja, wakatia sahihi zao chini ya yake, kama kanuni inavyotaka kasoro inapoandikwa.

Meneja alisoma akiwa amesimama. "Huyu katibu si mdogo wako?"

"Ndiye."

"Na mwonjaji ni wewe."

"Ni mimi."

"Bodi itakutoa mezani, mama. Na mimi umeniweka hapa kwa nini? Tungeweza kulimaliza humu humu."

"Ulitaka kitu cha kushikika," Pua alisema. "Kishike."

Kwa sahihi tatu hakuwa na njia ya kuuzuia. Ukurasa ulikwenda.

Yaliyofuata hayakumfurahisha mtu. Bodi ilibishana wiki mbili, kitabu kikachelewa, na mwishoni ukurasa wa Kanda ya Nne uliachwa kitabuni, wenye maneno tu, bila kahawa ya kuuzwa. Magunia yaliyochanganywa yalikwenda kwenye mchanganyiko, na yale ya wakulima kumi na tisa humo humo. Meneja alipewa barua ya onyo, akaitia kwenye droo. Pua aliruhusiwa kuonja lakini akanyimwa kutia sahihi kwa msimu mmoja, sahihi ikatiwa na mwonjaji aliyeazimwa kutoka maabara nyingine, ambaye alikuwa akimuuliza kila kikombe, "Wewe unaonaje, dada?"

Chama nacho kilikutana. Pua alikwenda, akasimama nyuma. Jirani yao wa zamani, fundi mwashi mwenye mibuni thelathini iliyobaki, alisimama akauliza kahawa yake imekwenda wapi, na Kitinda alimjibu ukweli wote mbele ya watu, kichwa juu. Wengine walimzomea. Wengine walisema alitaka kuwaokoa. Mikono iliponyooshwa, alivuliwa ukatibu. Mwanamke mmoja alimgeukia Pua akamwambia kwa sauti, "Umefurahi sasa? Umekuja kumzika ndugu yako?" Fundi mwashi naye hakumshukuru. Alipita karibu naye akasema tu, "Misimu mitatu," akaendelea kutembea.

Kitinda hakupokea simu yake miezi minne. Mama alipokea, akasema habari za vitunguu, akakata.

Kisha siku moja, mchana, Pua akiwa ukumbini na kopo la kutemea mkononi, simu ililia.

"Umeandika 'chembamba'," Kitinda alisema, bila salamu.

"Nini?"

"Kitabuni. Ndiyo kimefika leo. 'Kikombe chembamba.' Unajua chembamba ni nini kwa mnunuzi? Atapita moja kwa moja! Huwezi kuandika 'chepesi'? Huwezi kuandika 'laini'?"

"Si laini! Ni chembamba! Nimeionja!"

"Umeonja magunia manne yaliyokaa nyuma ya mizani miezi! Hujaonja ya fundi mwashi peke yake. Ana mibuni sita ambayo kutu haijaigusa hata jani. Sita! Nimeipitia yote kwa mikono yangu. Mtu anayejiita Pua anaandika kanda nzima bila kujua kuna mibuni sita?"

"Ulitaka nijue vipi na hupokei simu?"

"Kwa sababu sitaki kuongea na wewe!"

"Basi mbona umepiga?"

"Kukwambia 'chembamba' ni neno baya!"

Walipigizana kelele pale karibu nusu saa. Milango ya ofisi ilifunguliwa mmoja mmoja. Walirudi kwenye mazishi ya baba, wakapita kwenye macho ya mama, wakafika kwenye kanga fulani iliyoazimwa bila kurudishwa walipokuwa wasichana. Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyekata simu.

"Nakuja Jumamosi kuiona hiyo mibuni sita," Pua alisema mwishoni, sauti imemkauka.

"Usije!"

"Nakuja."

"Basi ukija, njoo na viatu vya shamba. Hivyo vyako vya mjini umemvunjia mama vitunguu tuta zima, hajasahau." Akakata.

Pua alitelemka ngazi bila kumuaga mtu, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha viatu kilichokuwa kati ya fundi saa na muuza magazeti. Alijaribu buti la kwanza, akalirusha pembeni. La pili likambana. Muuzaji alimtazama anavyovuta kamba kwa nguvu na kupumua kama aliyetoka mbioni.

"Una shida gani, mama?" alimuuliza.

"Nina mdogo wangu," Pua alisema, akatia mguu ndani ya buti la tatu, akakanyaga chini kwa kishindo kuona kama linamtosha.